Upanga wa Bwana Harusi na Shujaa wa Barakoa

Ndugu zangu, ndevu zangu nyeupe na darsa zote nilizosomesha hapa Kirongwe hazikunizuia kujiaibisha mchana kweupe nyumbani kwa watu, na afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa wapishi wa pilau waliokuwapo.

Ilikuwa siku ya kuozwa Salim, mtoto wa marehemu kaka yangu. Mzee Hamadi, baba wa binti, alikuwa amesitasita sana, akisema ukoo wetu umezidi mzaha, na alipokubali aliniambia waziwazi, "Maalim, natoa binti kwa sababu yako. Wewe ndiye mtu mzima wao." Basi nilikwenda kwake nimevaa joho, nimenyooka kama mlingoti, mkononi upanga wa babu (kwetu bwana harusi huozwa akiwa ameshika upanga, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mpaka Salim amalize kufungwa kilemba).

"Shikamoo Maalim, pumzika sebuleni," akasema kaka wa binti.

"Marahaba, mwanangu."

Laiti ningeketi nje na wazee wenzangu! Sebuleni mlikuwa na luninga, na kwenye luninga mtu mwenye barakoa nyeusi anaruka kutoka paa hadi paa, joho likimpepea, huku mtafsiri akitueleza kwa Kiswahili kwamba amewarudishia maskini nafaka yao na hakuna ajuaye jina lake.

Subhanallah! Miaka yote nasomesha ikhlasi, kutenda wema bila kutaka sifa, na sikuwahi kumwona mtu aliyeficha hata sura yake ili asishukuriwe na yeyote. Machozi yalinilenga (sioni haya kusema), harusi nikaisahau. Maadui zake walipomzingira ukutani, nikasimama, alipochomoa upanga, nami nikachomoa, mtafsiri akapiga kelele, "Anakata kamba!" na mimi, sijui mkono ulitumwa na nani, nikaikata kamba iliyofungwa kwenye nondo za dirisha mbele yangu.

Ilikuwa kamba ya turubai la kivuli lililotandwa nje. Chini ya turubai walikaa shehe, wazee wote, na Mzee Hamadi. Upande mzima ukawashukia vichwani.

"Maalim!" bibi yake binti akapiga ukelele kutoka uani. "Umemwona adui gani kwenye pilau yetu?"

Wapishi wakaangua kicheko. Salim, kilemba nusu, alishika kichwa. "Ami, umenimaliza."

Nikatoka nje. Mzee Hamadi alijitoa taratibu chini ya turubai, kofia imepinda, akaniangalia mimi, akauangalia upanga.

"Mzee mwenzangu," nikaanza, "kosa ni langu, kijana hana..."

"Maalim," akanikatiza kwa sauti ya chini, "alinusurika?"

"Nani?"

"Yule wa barakoa. Nilikuwa nachungulia dirishani, ukanifunika pale pale penye utamu."

Nikamwambia sijui. Akamgeukia shehe, aliyekuwa bado anatafuta miwani yake. "Shehe, tuozeshee upesi, kabla haijaisha."

Alhamdulillahi, Salim akaozwa, ila shehe alishikilia kwamba upanga ukae ndani ya ala mwanzo hadi mwisho. Mashujaa wa barakoa bado nawatazama, na bado wananistaajabisha. Lakini siku hizi naketi kama niko kwenye tahiyatu ya sala, mikono juu ya mapaja, na hata kisu cha kumenyea chungwa nimekiacha jikoni.