Fremu Yenye Sifa

Pandu Jecha, fundi wa kuchomelea vyuma pale Saateni, alikuwa ameshatengeneza mageti na vitanda vya nusu ya mji, na kila alichokitengeneza kilikaa palepale alipokiacha. Jambo hilo lilimkera. Kwa hiyo mwaka 1994, Bwana Zahran alipomletea fremu ya kubebea injini ya ndege yake kuukuu ya viti viwili, imeliwa na kutu, amtengenezee mpya, Pandu hakuuliza hata ujira. Aliuliza, "Itaruka kweli?"

"Itaruka, lakini mkaguzi anakuja Alkhamisi ya wiki ijayo. Fremu isiyo na sifa hairuki."

"Ondoa shaka, bwana wangu."

Siku tisa alichomelea, bomba kwa bomba, mpaka mkewe, Mwanapili, akamuuliza kama ameoa tena. Ikabaki kuzuia kutu ndani ya mabomba. Bwana Zahran ametaka sifa, basi Pandu akaifuata kwa wavuvi wa Fumba: sifa yenyewe, mafuta ya ini la papa yanayopakwa mashua, yanayonuka hata ukiyataja. Akayapasha moto, akayamimina ndani ya kila bomba, akaziba matundu kwa skrubu. Siku hiyo Mwanapili alimpa chakula chake uani.

Alkhamisi, fremu imeshafungwa kwenye ndege, injini ikawashwa. Chuma kilipopata moto, skrubu moja ikavuja. Paka wa uwanja mzima wa ndege wakaja mbio. Mkaguzi akajiziba pua.

"Pandu! Umetia nini humu?" Bwana Zahran aling'aka.

"Sifa, bwana. Si ulisema mwenyewe?"

"Nlisema iwe na sifa! Ubora, Pandu! Ubora!"

"Na mie nshatia galoni nzima."

Pandu akaitazama fremu yake. Siku tisa zote zile, na ndege itakaa chini kama geti! Mkaguzi akagonga kila kiungo, akafungua skrubu, akachungulia, akapangusa kidole mara tatu. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Viungo havina kasoro, alisema, na kutu haitathubutu kusogea. Akaandika: ina sifa zote.

Kiti cha pili kilikuwa cha shemeji yake Bwana Zahran. Shemeji alinusa mara moja, akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtazama. Akapanda Pandu, na ovaroli lake.

Juu ya Mji Mkongwe alitazama chini kutafuta mageti yake, asione hata moja. Aliona mabati tu, paa baada ya paa, mekundu kwa kutu. Machozi ya furaha yakamtoka, wala hakuona haya. Akampigia Bwana Zahran kelele sikioni:

"Bwana! Mji mzima hauna sifa!"