Turubali la Karavani ya Baba

Sifa njema ni za Mola, anayetoa na anayetwaa, na katika yote hashukuriwi asiyekuwa Yeye.

Juzi, kwake mtaa wa Mabela, mwanangu alikuwa akichagua turubali la kufunikia karavani yake, kijumba cha magurudumu cha kulalia jangwani, mpaka msimu wa baridi urudi. "Mama, la plastiki au la kitambaa?" Nikakumbuka turubali jingine.

Baba yangu alikuwa akilala kwenye karavani huko jangwani, alikokuwa akijenga barabara. Siku moja, mimi ningali mtoto mdogo, wenzake wa kazini waliirudisha uwanjani kwetu bila yeye. Mimi niliambiwa tu kwamba Baba kapumzika.

Ami, nduguye Baba, alileta turubali la plastiki nene la kuifunikia, linanuka upya. Mama alikuwa edani kwa kufiwa na mume, akasema naye nyuma ya pazia.

"Hilo silitaki, shemegi. Litaziba hewa. Nnataka kitambaa, ipate kupumua."

"Kwani karavani ina mapafu?" Ami alijaribu kutania, lakini hakucheka mtu. Akaenda kubadilisha.

Nikajua basi Baba kalala humo ndani. Baada ya alasiri nilipenya chini ya kitambaa, nikaweka kikombe cha kahawa ya iliki kwenye kidaraja cha kupandia, nikagonga mlango. "Baba, amka, kahawa itapoa."

Kabla ya magharibi nilikikuta kikombe kitupu. Nikamkimbilia Mama: "Baba kanywa!" Alinikumbatia. Kinywa chake kilinukia iliki.

Mwanangu nilimwambia achukue la kitambaa.

Msomaji, Mola akujaalie mtu wa kukubebea msiba wako mpaka uweze kuubeba mwenyewe. Amin.