Goti la Rolf

Nikipita duka la dawa nikanusa mafuta ya kuchua yenye kafuri, hadi leo huongeza mwendo. Bibi yangu hakuitaka harufu ile nyumbani. Kwake kafuri ilikuwa ya maiti. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini iliingia sebuleni kwetu Sib, kando ya Maskati, kila Ijumaa pamoja na Rolf, na Bibi, huku akinung'unika kwamba "Mdachi wenu keshafika," alimpakulia pilau ya watu wawili.

Rolf alikuwa mshambuliaji wa daraja la pili kwao Ujerumani. Alipenda kunisimulia mimi, kwa sababu nilizaliwa huko baba alipokuwa akisomea uhandisi, na Kijerumani changu kilikuwa bado hakijafutika. Alinieleza viwanja vya matope, makocha walioacha kumpigia simu, na msimu ambao timu yake ingepanda daraja lau si yeye kupaisha penalti siku ya mwisho. Umri ulipomtupa mkono, baba akamleta Maskati kuchezea klabu ambayo yeye alikuwa katibu wake. Wazee wa klabu walisita, baba akawaambia yeye ndiye dhamana. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijivuna kama kwamba nimemleta mimi.

Siku mbili kabla ya mechi ya kuamua kama klabu itashuka daraja, mwenyekiti alikuja kwetu na wazee wawili. Nilipewa birika la kahawa niwamiminie wageni. Rolf alikuwa keshaketi, rangi imemtoka. Akapandisha suruali na kumwonyesha baba goti lililovimba kama balungi.

"Mwambie," alisema kwa Kijerumani, taratibu, "goti hili limekwisha. Nikicheza, huenda nisitembee tena vizuri."

Niliacha kumimina kahawa.

"Kasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

Baba alilitazama zulia.

"Kasema limevimba kidogo tu, keshazoea. Atacheza, inshallah."

"Alhamdulillahi," mwenyekiti akasema, na wazee wakatabasamu wote. Mmoja akampiga Rolf begani.

Rolf aliyatazama yale matabasamu, uso baada ya uso, kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa Kijerumani, "Baba yako amesema yote?"

Baba alikuwa ananitazama. Hakunikonyeza, hakunikunjia uso. Alinitazama tu, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Nilijua nikisema hapana, mwenyekiti atauliza mtoto kasema nini. Sikuwahi kuogopa vile maishani mwangu.

"Ndiyo," nikasema. "Yote."

Rolf akateremsha suruali, akanywa kahawa yake.

Alicheza. Kabla hata ya mapumziko aliufukuza mpira ambao hakuna mwengine aliyekuwa akiufukuza, akaanguka peke yake. Klabu ilishuka. Rolf alirudi kwao kwa magongo, na baba hakutia tena mguu uwanjani. Hatukulizungumza jambo lile mpaka anafariki.

Kwa miaka nilijiona mimi ndiye niliyemvunja mguu. Nikiwa chuo kikuu nilikuwa bado nikiota lile goti. Lakini siku hizi nna mtoto wa umri ule ule, na juzi nilimtazama akiwapa wageni halua, nikajiuliza kitu ambacho sijapata kujiuliza. Mtu anayetangaza kuwa mguu wake umekwisha, akaona wenzake wanachekelea, anahitaji mkalimani gani? Rolf alijua. Angeweza kutikisa kichwa, angeweza kuinuka akaondoka. Alitaka kucheza, akatafuta wa kumpa ruhusa, na katika chumba kile cha watu wazima akamchagua mtoto, kwa kuwa alijua mtoto hawezi kumwumbua babake mbele ya wageni. Baba nimekwisha kumsamehe. Rolf bado.