Karani wa Makaburi na Diski Iliyogoma

Watu walimwita Mama Rejista, naye aliitika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa ofisi ya makaburi ya mji: chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kabati mbili za chuma, na ndoo ya kukinga maji pale dari lilipotoboka. Mumewe, fundi cherehani, alipenda kuwatania wageni, "Mke wangu ana kazi nzuri. Wateja wake hawagombani, na wakishafika hawahami." Naye alicheka, maana kazi yake aliipenda. Alijua rejista ile kama mtu anavyojua chumba chake gizani.

Rejista yenyewe ilikuwa vitabu vikubwa, kila kaburi na ukurasa wake, na mchwa walikuwa wameshaanza kuvila. Basi akavipiga picha kwa skana, ukurasa baada ya ukurasa, miaka miwili mizima. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imejaa pomoni, kwa hiyo picha zote akaziweka kwenye diski moja ya nje. Kazi ilipokwisha, makao makuu wakaamuru vitabu vile vichomwe. Akavichoma nyuma ya ofisi, yeye na mchimba makaburi.

Mwaka uliofuata ikaja barua: rejista yote ifungwe katika faili moja, ipelekwe makao makuu ikahifadhiwe. Akajaribu. Kompyuta ikamjibu kwamba faili ni kubwa mno kwa diski ile. Akampigia simu karani mwenzake wa ofisi nyingine.

"Diski yako ina mfumo wa faili wa kizamani," mwenzake akamwambia. "Ule haupokei faili kubwa. Ubadilishe uwe wa kisasa. Unaandika amri moja tu, hakifutiki kitu."

"Una hakika?"

"Mimi nilifanya juzi. Dakika kumi, kazi kwisha."

Jumanne asubuhi akaandika ile amri. Asilimia zikapanda vizuri mpaka sitini na moja, kisha zikagoma. Diski ikaanza kulia tik, tik, kama mtu anayegonga kucha mezani. Akangoja. Akahudumia familia iliyoleta kibali cha mazishi, akarudi: sitini na moja. Saa saba mchana, bado sitini na moja, na hata kishale kwenye skrini kilikuwa hakisogei. Akajiambia, imeganda tu, nikizima na kuwasha itaendelea. Akabonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe, akakishikilia mpaka skrini ikawa nyeusi.

Alipowasha, hapakuwa na folda hata moja. Kompyuta ilimuuliza tu kama angependa diski ifomatiwe, yaani ifutwe yote ianze upya.

Fundi wa kompyuta alikuwa dada mmoja mkimya, mwenye kibanda mtaa wa pili. Aliisikiliza diski kwanza, kwa sikio, kabla ya kuichomeka popote.

"Ilipogoma ulifanya nini?"

"Nilizima."

"Kwa kitufe?"

"Kwa kitufe."

Fundi hakumlaumu, na hilo likamuuma zaidi. "Ulikubali ifomatiwe?"

"Sikuthubutu."

"Afadhali. Diski hii ina sehemu zilizokufa. Mabadiliko yalipofika hapo yakanasa. Sasa nusu imeandikwa kizamani, nusu kisasa, na kompyuta haijui isome ipi. Nitatoa kwanza nakala ya diski nzima, na mabovu yake yote, kisha nihangaike na nakala. Hii yenyewe nikiisumbua itakufa kabisa."

Kunakili peke yake kulichukua siku nne. Fundi akajaribu kurekebisha mwanzo wa diski, pale inapojitambulisha kwa kompyuta, ikakataa. Akatafuta orodha ya zamani ya mafaili; mengine yalikuwa yameshaandikwa juu yake. Mwisho akaichambua nakala kipande kwa kipande, akiokota chochote chenye sura ya picha. Picha zikatoka, bila majina, bila mpangilio, nyingine nusu ukurasa na chini kijivu kitupu. Kati ya kurasa elfu mbili na mia tatu, mia nne hazikuonekana. Nyingi zilikuwa za bondeni, walikozikwa wasio na mawe, ambao vibao vyao vya mbao vilishaoza siku nyingi.

"Nitaendelea kuzibembeleza zile sehemu mbovu," fundi alisema. "Ila usitegemee."

Makao makuu wakampa barua ya onyo. Hakumwaga unga, ingawa kuna siku aliona nafuu wangemfukuza. Maana watu walizidi kuja, wanataja jina, naye anawarudisha mikono mitupu. Wiki moja aliwarudisha wanne, wote wakilia.

Wa tano alikuwa bibi kizee aliyekuja na mwashi, na jiwe limefungwa kwenye gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuata mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Nilimbeba mgongoni mimi. Alipozikwa nilikuwa ugenini, nimelazwa."

Akataja mwaka. Ulikuwa mmoja wa ile iliyopotea. Mama Rejista akatoka nje kama anayetafuta hewa, na mchimba makaburi akamsogelea.

"Dada, muoneshe popote," akanong'ona. "Wote si wamelala bondeni? Ataridhika, nawe utapumua."

Akampeleka bibi bondeni. Akanyoosha kidole kwenye tuta moja. "Ni hapa, mama. Mstari wa kumi na nne, kaburi la sita." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimtisha baadaye kuliko uongo wenyewe. Bibi akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akaanza kumpa mdogo wake habari za nyumbani. Mwashi akakoroga saruji.

Tangu hapo bibi alikuja kila mwezi. Alipita ofisini kwanza, akamshika Mama Rejista mkono na kumwombea dua, naye alikosa pa kuweka uso.

Mwezi wa tano tangu siku ile, fundi akamletea kurasa kumi na moja zaidi. Mmoja ulikuwa wa mstari wa kumi na nne, kaburi la sita. Pale alilala mama wa miaka sabini. Wanawe wawili walikuwa miongoni mwa wale wanne aliowarudisha.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mume akaacha cherehani.

"Na bibi akikuuliza wake yuko wapi, utamwambia nini?"

"Sina la kumwambia."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

Alimngoja bibi getini, asije akamshika tena ule mkono.

"Mama, nilikudanganya." Akamweleza yote, diski, kitufe, uongo. Bibi alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo nimekuwa nikizungumza na nani?"

"Na mama mmoja. Watoto wake wanamtafuta."

"Na mdogo wangu?"

"Yuko bondeni humu humu. Zaidi ya hapo sijui, na sidhani kama nitajua."

Bibi akageukia bondeni. "Ungeniambia siku ile, ningelia yakaisha," akasema. "Sasa umenifishia mtu mara ya pili."

Jiwe liling'olewa. Bibi aliomba lisimikwe kando ya uzio, mahali pasipo kaburi la mtu. Wale watoto wawili waliitwa, wakaoneshwa mama yao, wakamshukuru Mama Rejista mpaka akaomba udhuru, akaingia ndani na kufunga mlango.

Siku hizi rejista ina nakala tatu, katika majengo matatu. Bondeni amepigilia vibao vya chuma, na wasiopatikana kurasa zao amewaandikia "hajulikani", mia tatu themanini na wawili. Bibi bado huja. Hupita mbele ya dirisha bila kugeuza shingo, huenda kukaa karibu na uzio, huondoka.

"Angalau anakuja, dada," mchimba makaburi alimwambia siku moja.

Mama Rejista akainua ile ndoo ya chini ya dari, akaenda kumwaga maji.