Damu ya Ng'ombe wa Paji Jeupe

Vita vilinikuta Bunia nikiwa asistenti wa chuo. Nilifundisha habari za tezi na homoni kwa wanafunzi wa udaktari wa mifugo, na pembeni nilikuwa naandaa teze yangu, tasnifu ya shahada ya juu. Nyumbani hawakuielewa kazi hiyo. Mama yangu aliwaambia majirani wa mtaa wetu wa Bigo, "Binti yangu anapima kama ngombe iko na mimba. Anapima mu damu, hata hagusi tumbo." Alisema kwa majivuno yenye mashaka kidogo, lakini aliieleza kazi yangu vizuri kuliko maprofesa wangu.

Kazi ilikuwa hivi. Unachukua damu shingoni mwa ng'ombe, unaiacha itulie mpaka maji yake ya manjano yajitenge, kisha maji hayo unayagandisha. Sisi hatukuwa na mashine ya kupima homoni ya mimba, kwa hiyo tuliyatuma Kampala kwa ndege ndogo. Homoni ikiwa nyingi, yawezekana ng'ombe ana mimba. Ikikosekana kabisa, hana.

Ng'ombe wangu wengi walikuwa wa muzee mmoja aliyechunga kwenye barabara ya Iga Barrière. Siku ya mwisho tulipokwenda kwake, mimi na laborantini wangu, fundi wa maabara, tulikuwa hatujamaliza hata nusu ya kundi tuliposikia risasi ng'ambo ya kilima. Laborantini alikuwa mtu mkimya, alifanya kazi labo tangu mimi niko shule ya msingi. Sikuwahi kumwona akikimbia. Siku ile alikimbia. Tulitupa vitu ndani ya gari tukaondoka, na kwenye mashimo ya barabara sanduku la chupa za damu likapinduka. Chupa zikaviringika chini ya viti. Majina ya ng'ombe tulikuwa tumeandika kwa kalamu ya risasi, mengine yakafutika.

Labo tulizipanga upya mezani.

"Hii iko ya ile nyekundu ya paji jeupe?" nikamuuliza.

"Nafikiri, Mama Dokta."

Nilipaswa kuzimwaga zote. Lakini kurudi kule hakukuwezekana tena, na mimi nilitaka teze yangu. Tukazituma hivyo hivyo. Majibu yaliporudi nikaandika katika kaye yangu, daftari la utafiti: nyekundu, paji jeupe, hana mimba.

Majuma machache baadaye, asubuhi, wapiganaji waliokuwa wameshika mji mwezi ule waliingia uani kwa labo. Nasema mwezi ule kwa sababu mji ulikuwa unabadilisha watawala, na sisi tulikuwa tunajifunza salamu mpya kila mara. Walikuja na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, sikio lake moja limechanika. Walikuja pia na watu wawili. Mmoja alikuwa yule muzee wangu. Mwingine alikuwa mkulima wa Djugu aliyekimbilia mjini na watoto wake baada ya kijiji chao kuchomwa. Walimkuta barabarani akimvuta ng'ombe huyo kwa kamba.

Kamanda wao alikuwa mwembamba, mwenye adabu. Alivua kofia mbele yangu.

"Mama Dokta, banasema weye unajua ngombe za huyu muzee, moja moja, mupaka mu damu. Hawa wawili kila mutu anasema ngombe iko yake. Mumoja iko mwizi. Utuambie tu."

Sote tuliokuwa pale tulijua mwizi angefanywa nini.

Muzee hakuniomba kitu. Alisema tu, "Binti yangu, unaijua." Mkulima alikuwa ameshika kamba bado. Akasema, "Ilizaliwa kwangu. Sikio ilipasuka mu senyenge. Ni yenyewe tu ilibakia."

Nilimtazama ng'ombe. Nilidhani namtambua. Kisha nikadhani kwamba nilitambua paji tu, na mapaji meupe ni mengi Ituri. Nikamwomba laborantini glavu ndefu, nikaingiza mkono nyuma ya ng'ombe kama tulivyofundishwa. Ndama alikuwa ndani, mkubwa. Nilimgusa mguu, akauvuta.

Hapo kichwa changu kikavurugika kabisa. Ng'ombe wa muzee, kwa kaye yangu, hakuwa na mimba, na mimba hii ilikuwa ya miezi mingi. Basi huyu si wa muzee. Lakini chupa zilipinduka. Basi huenda ni wa muzee, na kaye ndiyo inadanganya. Nikisoma kaye, muzee ni mwongo na mwizi. Nikieleza habari ya chupa, kaye inaanguka, na mkulima, aliyekutwa na kamba mkononi, ndiye anakuwa mwizi. Laborantini alinitazama, halafu akatazama chini.

"Sijui," nikasema.

"Haujui namna gani?"

"Damu inaweza kusema kama ngombe iko na mimba. Haisemi ngombe iko ya nani. Sijui, kamanda."

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Masomo yote ile, miaka yote ile, na jibu ni sijui?" Akavaa kofia. "Bon. Kama haina mwenyewe, basi iko ya siye."

Wakamchukua ng'ombe pamoja na ndama wake tumboni. Wale watu wawili wakaachwa wamesimama uani, hai wote wawili, na wote wawili wamenikasirikia. Muzee aliondoka bila kuaga. Mkulima alinikaribia akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ulikuwa na mukono ndani yake. Ulikosa nini?"

Nikavua glavu, nikaenda kunawa mkono. Swali lake ninalo mpaka leo. Kuna siku najiona niliokoa mtu. Siku nyingine najiona niliwanyang'anya wawili kwa neno moja, kwa kuona haya kusema kwamba nilichanganya chupa.

Baadaye labo iliporwa mpaka viti, nami nikakimbilia mji mwingine. Teze niliimaliza huko kwa ng'ombe wengine. Wale wa muzee niliwaondoa wote, na jopo liliponiuliza sababu nilisema, "Vita." Waliridhika haraka, na hilo likanichanganya zaidi. Nikapanda cheo, nikawa profesa. Wanafunzi huniona mkali sana.

Hali ilipotulia kidogo nilirudi Bunia, nikaenda kumsalimu muzee. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Alinipa kiti, akauliza habari za mama yangu, akalalamika juu ya uhaba wa majani ya malisho. Habari ya ng'ombe yule wa paji jeupe hakuitaja, na maneno yangu hayakupata mlango. Nilipoinuka kwenda akaniita zizini, akanionyesha mtamba aliyekuwa anachechemea.

"Angalia huyu, binti yangu. Inamuuma wapi?"

Nikapiga magoti, nikainua mguu. Muzee akashika pembe, nami nikaanza kutafuta mwiba.