Pahala pa Mwisho kwenye Benchi la Lelemama

Naikumbuka alasiri ya arusi moja kule mji wa Masoko, mwanangu, zama za Mwingereza, nilipokuwa binti wa miaka kumi na sita, kichwa kimejaa ndoto mpaka mama akawa hanitumi kuangalia wali, maana ungeungua huku mimi nageuza viganja mbele ya jiko.

Kwetu Kivinje tulikuwa na chama cha lelemama. Wewe hukuwahi kuiona, basi nikueleze. Wanawake sita wanasimama juu ya benchi refu la mbao, nyuma yao sita wengine juu ya benchi lao, wote kanga sare. Miguu haitoki ilipo. Kinachocheza ni mikono, na shingo kidogo, na bega kidogo sana. Mara ya kwanza kuwaona nilikuwa mtoto, nimeshika pindo la kanga ya mama. Viganja vyote vikageuka pamoja, taratibu, kama vimetungwa kwenye uzi mmoja, nami nikasahau kupumua. Wallahi nilidhani si watu wa mtaani kwetu wale, na mmoja wao alikuwa jirani yetu muuza vitumbua.

Kufika juu ya benchi haikuwa kazi ya siku moja. Ulianza kwa kuchota maji na kutandika mikeka. Ukionekana una adabu, unaitikia nyimbo na kugonga vijiti. Kisha benchi la nyuma. Benchi la mbele wapo waliolingoja mpaka wakazaa watoto wanne. Mkuu wetu, Bi Somoe, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, alitufunza kwa kikombe cha kahawa. Alikijaza pomoni, akakiweka kwenye benchi kando ya miguu yetu, tukacheza wimbo mzima. Likimwagika tone, anatusimamisha. Anakijaza tena, tunaanza upya.

Mimi Mungu alinijalia mikono. Sijisifu, maana sasa hata sindano inanishinda. Kwa ajili ya mikono hiyo Bi Somoe alinipandisha benchi la mbele kabla ya wakati, akanisimamisha katikati, macho ya watu yanapotua, na yeye mwenyewe akasimama mwishoni kama kawaida yake. Wenzangu walininunia. Tatu, rafiki yangu tuliyechota naye maji, akaniambia, "Haya bibi arusi, usisahau tu kwamba anayeolewa ni mwingine."

Tukaenda Masoko kwa lori. Chama cha wenyeji walitangulia kucheza, na walicheza wakatutia hofu, maana mji mzima ungesema jioni ile nani zaidi. Ikaja zamu yetu. Wimbo ulikuwa umekolea shangazi wa bibi arusi alipokuja mbio akanitupia kanga mpya begani. Hiyo ni tunzo, na desturi ni kuiacha ilale ilipoangukia, uendelee kama hukuiona, kwa kuwa ni ya benchi zima. Mimi niliishika. Nikaizungusha, na furaha ikanishuka mpaka miguuni, nikapiga kisigino. Vigelegele vikapasuka. Nikapiga tena. Moyoni nikasema, leo nimefika.

Sikuona kwamba mguu mmoja wa benchi umezama mchangani. Benchi lilianza kuinamia mbele. Bi Somoe, kule mwishoni, akaurudisha mwili wake wote nyuma, uzito ukabebwa na goti moja, benchi likasimama. Beti nne zilikuwa zimebaki. Beti zote nne alilishika hivyo, na mikono yake haikukosea hata pigo moja, na usoni hakukunja hata nyusi. Katika umati ule hakuna aliyejua. Wimbo ulipokwisha alishindwa kushuka, wakambeba wanawake wawili.

Mji ukasema Kivinje wameshinda, nami ndiye niliyetajwa. Njia nzima ya kurudi, ndani ya lori, wenzangu walinipa mgongo, mpaka Tatu akaniambia benchi lilivyoshikwa.

Asubuhi nikaenda kwake na ile kanga. Goti lilikuwa limevimba, limefungwa majani. Nikampa shikamoo, nikaiweka kanga miguuni pake.

"Marahaba, mwanangu. Mikono yako inaishinda yangu, nimelijua hilo siku nyingi. Lakini jana ulicheza peke yako juu ya miguu ya watu watano. Nilikusikia hapa," akagusa goti.

Nikamwomba anirudishe kuchota maji. Akasema maji nayajua tayari. Akaniamuru niwe nakaa chini kila mazoezi, kiganja changu kwenye mguu wa benchi, macho nimefumba.

Siku za mwanzo nilisikia mbao tu. Kisha, mwanangu, ukaja ulimwengu ambao sikuujua. Nikamsikia muuza vitumbua anavyochoka kabla ya wote, na mwenziwe anavyombebea uzito bila kuombwa. Nikamsikia Tatu, aliyechukua nafasi yangu, anavyotetemeka kwa woga. Mmoja alianza kukanyaga kwa hadhari, nikajua ana mimba kabla mumewe hajajua. Yote yale yalikuwa yanapita chini ya nyayo zangu, nami nilikuwa nasikiliza vigelegele. Nililia pale chini.

Goti la Bi Somoe halikupona sawasawa. Msimu uliofuata alikaa kitini akaimbisha, na mimi akaniita nipande. Hakunirudisha katikati. Alinisimamisha pahala pake, mwishoni, ambapo hakuna anayekutazama, na hapo nilicheza mpaka nikawa mama wa watu wazima.

Basi, mwanangu, kama una kipaji, kishukuru na ukifanyie kazi, wala usikifiche. Lakini siku watakapokusogeza mbele, kabla hujasikia sifa, sikiliza chini ya miguu yako ujue ni nani anakushikilia usianguke. Ukikosea, nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Na ukionywa na mtu aliyekufichia aibu yako mbele za watu, kaa anapokukalisha, hata ikiwa ni chini.

Mwenyezi Mungu akupe mikono myepesi na nyayo tulivu, na akusimamishe daima na watu utakaowasikia nao wakakusikia. Amina.