Mto Tuliowaficha Wapimaji

Mwaka jana nilikwenda Kasokola kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa, na asubuhi ya kwanza nikaamshwa na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Mafundi wa umeme walikuwa wanafyeka njia ya nguzo nyuma ya nyumba. Vijana wenye adabu, wakaniamkia vizuri, mmoja akaniuliza kama kuna maji ya kunywa hapo karibu. Nikamjibu sijui. Dada yangu alinitazama kwa mshangao, maana kisima kilikuwa pale pale upande wa pili wa ua, nami nilikuwa nimetoka kunawa uso kwa maji yake. Hata mimi nilijishangaa. Mdomo ulijibu kabla sijafikiri. Nikakaa na kikombe changu cha chai, nikamkumbuka bibi yangu na kiangazi kile cha wapimaji wa ardhi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa umri wa kutumwa kisimani peke yangu. Nilikaa kwa bibi, mama yake mama, kwenye nyumba ya miti na udongo iliyonukia moshi na ulezi. Asubuhi tulitwanga, mchana tulianika muhogo juu ya majabali, jioni tulikaa jikoni tukisubiri ugali uive. Mboga ilikuwa kisamvu cha karanga, au mlenda, na wachuuzi wakipita kutoka ziwani tulipata dagaa, na siku hiyo nyumba nzima ilinukia sherehe. Upepo ukikaa vizuri tulisikia treni ikipiga honi kule Mpanda mgodini. Bibi hakuipenda honi ile. Alisema kitu kinachopiga kelele kikiwa mbali kitakuja kukaa karibu.

Ng'ambo ya mashamba, ndani ya msitu wa miyombo, kulikuwa na mto tuliouita Kasinde. Haukuwa mkubwa, lakini haukukauka hata miezi ile ardhi inapopasuka. Kwenye kingo zake ndiko bibi alikoolewa na ndiko alikozaa watoto wake wote. Babu alizikwa huko, kaburi lake limezungushiwa miti ya minyaa. Wanaume walitundika mizinga yao ya nyuki ya magome huko, na mvua zikianza sisi wanawake na watoto tulikwenda kuokota uyoga, tukarudi na vikapu vimejaa na miguu imeliwa na mbung'o.

Mbung'o hao ndio waliotolewa kama sababu ya bibi kuhamishwa, kabla mimi sijazaliwa. Serikali ilisema watu wa Kasinde watakufa kwa malale, lazima wahamie pamoja mahali palipo wazi. Bibi hakubisha kwamba malale yalikuwepo, maana aliwazika watu. Lakini hakusahau jinsi mambo yalivyofuatana. Kwanza alikuja mtu mpole akauliza majina. Baadaye wakaja wa kuhesabu nyumba. Halafu wakaja wenye moto. Alisimama barabarani na mzigo kichwani akatazama paa lake likiungua, na ndani ya nyumba ile, alituambia, kulikuwa na chungu cha maharage kilichokwisha kuiva.

Kwa hiyo ile ndege ilipokuja angani, bibi alikuwa wa kwanza kutia shaka. Ilipita juu yetu ikaenda mbali, ikageuka, ikarudi sambamba na ilikotoka, ikageuka tena, kama mtu anayelima matuta. Watoto tulikimbia chini yake tukishangilia. Bibi alitoka na mwiko mkononi akatuita ndani, akafunga mlango, tukakaa gizani mchana kweupe mpaka mlio ukaisha.

Kiangazi kilichofuata wakaja wapimaji wenyewe. Walipiga mahema ya turubai nje ya kijiji: mzungu mmoja, karani wake aliyesema Kiswahili laini cha pwani, mpishi, na vibarua. Walikuwa na darubini ya shaba iliyosimama kwa miguu mitatu, wakiifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Walikuwa na mnyororo mrefu wa chuma, na fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kila walikopita walifyeka msitu kwa mstari ulionyooka, njia waliyoiita mkuza, na kila baada ya masafa walisimika nguzo fupi ya saruji, bikoni. Mzungu aliinama kwenye darubini akifumba jicho moja, akatazama kilima, akatazama mti, na ilionekana kwamba kila alichokitazama hakikuwa chetu tena.

Maneno yalizagaa haraka. Wengine walisema darubini inaona madini ndani ya ardhi. Wengine walisema inaona ndani ya nyumba, na wanawake wakaanza kuoga usiku. Jirani yetu, mchonga mizinga, alisema wanatafuta watu wa kunyonya damu, na kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyekubali kupita karibu na mahema yale. Ukiuliza ni kipi kati ya hivyo nilichokiamini mimi, nitakujibu vyote.

Kilichoumiza ni kwamba mjomba wangu alipata kibarua kwao. Alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi, mtu mcheshi mwenye mikono mirefu. Alikuwa anavuta mnyororo na kufyeka mkuza. Jioni ya kwanza alikuja na pakiti ya sukari, akaiweka jikoni karibu na mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi hakuigusa sukari. "Huo mstari mnaokata unakwenda wapi?"

"Sijui, mama. Mimi nakata ninapoonyeshwa."

"Na wakikuonyesha mlango wangu?"

Mjomba alicheka kidogo, halafu akaona hakuna anayecheka naye. "Mama, ni kazi tu. Hawatuambii kitu."

"Walioshika moto wakati ule nao walikuwa kazini," bibi akasema, akaendelea kusonga ugali. Mjomba alikula, akaenda kwake. Sukari ilikaa pale pale mpaka sisimizi wakaimaliza.

Tangu siku hiyo nyumba ya mjomba ilitengwa, bila mtu kusema waziwazi kwamba imetengwa. Mke wake alizoea kutwanga na wenzake watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipishana kwa mdundo uliosikika hadi kwetu. Sasa nilisikia mchi mmoja tu. Akifika kisimani, mazungumzo yalikatika. Mimi niliagizwa nisicheze na watoto wake, kwa kuwa watoto husema yanayosemwa nyumbani na kubeba yanayosemwa kwingine.

Ilipojulikana kwamba mkuza unaelekea Kasinde, watu walikusanyika uwanjani kwa bibi. Mjomba hakuitwa. Hawakuwa na silaha wala barua wala mtu wa kuwasemea, ila walikuwa na jambo moja walilolijua wao na mzungu hakulijua. Wakakubaliana kwamba yeyote atakayeulizwa jina la mto ule, atasema hauna. Akiulizwa nani anaishi huko au amezikwa huko, atasema hakuna mtu, ni pori. Waliamini kwamba kisichokuwa na jina hakiandikwi, na kisichoandikwa hakichukuliwi. Mchonga mizinga ndiye aliyesisitiza zaidi, na wote wakaitikia.

Siku chache baadaye bibi alinichukua twende Kasinde kufagia kaburi, kama tulivyofanya kila kiangazi. Nadhani alitaka kufika kabla yao. Tukawakuta wamekwisha fika. Darubini ilisimama kwenye jabali, karani alikuwa na penseli sikioni, na mjomba alikuwa katikati ya maji, suruali imekunjwa magotini, ameshika fito yenye rangi. Bibi alitua mtungi wake. Akasimama akilipa kaburi la babu mgongo, kiasi kwamba ukiwa upande ule wa mto usingeliona.

"Shikamoo bibi," karani akasema.

"Marahaba."

"Bwana anauliza, mto huu unaitwaje?"

"Ni maji tu."

"Maji yote yana jina, bibi."

"Haya hayana."

"Wenyeji wa hapa ni akina nani? Kuna kijiji cha zamani? Kuna makaburi?"

Bibi alijifunga kanga upya. "Hakuna mtu," akasema. "Sisi tunapita tu, tunachota maji."

Karani hakuridhika. Aligeuka mtoni akamwita mjomba. "Wewe si mtu wa huku? Mto huu unaitwaje?"

Mjomba hakuwa kwenye kikao, wala hakuna aliyemdokeza. Alimtazama mama yake, akaona alivyosimama na alichokikinga kwa mgongo wake. Upepo ulikuwa umetulia, nikasikia maji yakipita kwenye miguu yake.

"Hauna jina, bwana," akasema. "Ni pori tu hili."

Mzungu aliandika kitu kifupi, akainama tena kwenye darubini. Bibi alijaza mtungi, nikamsaidia kujitwika, tukaondoka bila kufagia. Njiani akasema, si kwangu, "Bado ni mwanangu."

Haikuchukua muda kibarua mwingine akamwambia karani kwamba mjomba amezaliwa kwenye mto ule ule. Mjomba akafukuzwa kwa kudanganya, ila hakuna aliyerudi kuuliza jina. Alirudi kijijini na blanketi lake begani, na ungefikiri watu wangempokea. Hawakumpokea. Walisema hajafukuzwa, ametumwa kuja kusikiliza. Bibi aliwaeleza aliyoyaona mtoni, wakamjibu kwa heshima kwamba wanaelewa, mzazi lazima amtetee mtoto wake.

Wapimaji wakaondoka na mvua zikaja. Hakuna aliyetufukuza. Nyumba zetu hazikuguswa, mashamba hayakuguswa, na kwa msimu mmoja watu walijipongeza. Kisha tukatangaziwa kwamba kila kilicho ng'ambo ya mkuza ni msitu wa hifadhi. Hakuna kutundika mizinga, hakuna kukata mti, hakuna kuingia bila kibali. Askari wa msitu wakamkamata mchonga mizinga akiwa na asali yake mwenyewe mabegani.

Wazee wakaamua kwenda boma kuomba, bibi akiwa pamoja nao, nami nikambebea kikapu. Tulipokewa na karani mwingine, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Akatandaza ramani juu ya meza, akakandamiza pembe zake kwa vitabu.

"Tunaomba ruhusa ya kwenda kwenye makaburi yetu," bibi akasema. "Kule Kasinde."

Karani alitembeza kidole. Alitafuta kwa dhati, siwezi kumsingizia. "Kasinde haipo, mama."

Akatuonyesha. Kulikuwa na uzi mwembamba wa bluu, umejipinda vile vile mto wetu ulivyojipinda, hata mimi niliutambua. Pembeni yake hapakuwa na neno. Pande zote ilikuwa rangi ya kijani, safi kabisa.

"Hapa hakuna kijiji, hakuna kaburi, hakuna jina," akasema. "Wapimaji waliuliza wenyeji, wakaambiwa ni pori. Mngesema wakati ule, pengine pangeachwa nje ya mpaka. Sasa mimi nitaandika nini?"

Wazee walitazama sakafu. Bibi alinyoosha kidole akataka kuugusa ule uzi wa bluu, halafu akaurudisha mkono kwenye kanga yake.

Tulipofika nyumbani watu walikuwa wanatusubiri uwanjani. Habari ilipotolewa, mchonga mizinga alisimama. "Nani aliwaambia ni pori? Ni yule aliyekuwa anavuta mnyororo wao! Mwanao ametuuza, mama. Ametuuza kwa pakiti ya sukari!"

Mjomba alikuwa amesimama pembeni na mke wake. Bibi ndiye aliyesimama, na sijawahi kumsikia akipaza sauti vile.

"Mimi ndiye niliyesema ni pori," alisema. "Mimi, kwa mdomo huu, kaburi la mume wangu likiwa nyuma yangu. Na nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa hapa, uwanjani kwangu, mkakubali wote. Wewe ulikubali kwa sauti kuliko wengine. Huyu hakuwepo. Alisema mlilotaka lisemwe, na mnamchukia kwa hilo?"

Lakini hakuna aliyemwendea mjomba wala kumpa mkono. Walitawanyika mmoja mmoja, kila mtu akitazama njia yake, na nadhani hapo ndipo mjomba alipoelewa kwamba ukweli umesemwa na haukusaidia kitu.

Walihama kabla ya msimu wa kulima, wakaenda Ikola ziwani kuanika dagaa. Mke wake alipita kumuaga bibi, wakashikana mikono mlangoni wakalia bila sauti. Kila tulipopata mtu anayetoka huko, alituletea samaki, migebuka iliyokaushwa, na salamu za mjomba. Mwenyewe hakuja.

Alikuja kumzika mama yake. Bibi alikuwa ameomba alazwe Kasinde, haikuwezekana, akazikwa kijijini kando ya mashamba. Mjomba alileta gunia la dagaa kwa ajili ya wafiwa, wanawake wakapika kwa nyanya na karanga. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikigawa chakula, na nilitazama mikono. Vijana walikula. Baadhi ya wazee walichukua ugali, wakauchovya kwenye chumvi, wakaiacha mboga. Mchonga mizinga alikaa mbele ya sahani yake muda mrefu. Mwishowe akala, akiwa ameinamisha kichwa, na mjomba, aliyekuwa ameketi mkabala naye, akamsogezea bakuli la maji ya kunawa.

Wote hao sasa hawapo. Msitu nao umepungua, hifadhi au si hifadhi, na sijui kama minyaa ya babu bado imesimama. Lakini ninachokililia zaidi ni ule mdundo wa michi inayopishana kwenye kinu kimoja. Haukurudi tena baada ya kiangazi kile. Watu waliendelea kuishi jirani, wakazikana na kuozana, ila kila mwanamke alitwanga kwake, na wageni tuliwapa chakula kizuri na majibu mafupi.

Tunaojua kwamba mto ule unaitwa Kasinde tumebaki wachache sana. Nimewafundisha wajukuu zangu jina hilo, maana nisipofanya hivyo litaisha nami. Hata hivyo, rafiki yangu, kila ninapotaka kulitamka, hutazama kwanza ni nani amesimama nyuma yangu.